Wakili wa Jeshi Katika Bunge la California

Walimu wangu, na nyinyi wanafunzi wa sheria mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi, asanteni kwa kuja.

Miaka ya 1990, kapteni kijana wa Jeshi la Anga la Marekani alikuwa kwenye dhifa ya kutoa tuzo, amevaa sare, vyeo viko mabegani. Mama mmoja mtanashati aliyekaa jirani yake akamgeukia, akamuuliza kama yuko katika jeshi la anga la China. Kapteni huyo ni Ted Lieu, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa California. Kisa hicho alikieleza mwenyewe mwaka 1999 katika gazeti la Washington Post. Alizaliwa Taipei mwaka 1969, akafika Marekani akiwa na miaka mitatu, akakulia Cleveland, wazazi wakiuza vitu vya zawadi kwenye magulio hadi wakapata maduka yao. Kiwekeni kisa hicho akilini, maana mtu aliyeulizwa swali la namna hiyo akiwa ndani ya sare ya nchi yake huisoma sheria kwa jicho jingine.

Alikuwa wakili wa jeshi kuanzia 1995 hadi 1999, kisha akaendelea katika jeshi la akiba. Ni kazi gani hiyo? Wengi hudhani sheria za kijeshi ni amri tupu. Hebu soma Kifungu cha 31 cha kanuni za sheria za kijeshi za Marekani za mwaka 1950. Kabla ya kumhoji askari unayemshuku, sharti umwambie anatuhumiwa kwa lipi, kwamba anaweza kunyamaza, na kwamba akisema, maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Polisi wa kiraia walikuja kubanwa na Mahakama ya Juu ya Marekani kutoa onyo kama hilo mwaka 1966. Jeshi lilitangulia kwa miaka 16! Sababu yake inanigusa kila ninapoifundisha: koplo akiulizwa na meja hujibu, na hajibu kwa kuwa ameamua kujibu. Anajibu kwa sababu aliyeuliza ni meja. Cheo chenyewe kinamkamua maneno.

Sasa upande wa pili. Kamanda aliyeamua kesi iende mahakama ya kijeshi ndiye pia aliyeteua maofisa wa kuisikiliza, na miaka ile theluthi mbili ya kura zao zilitosha kumtia askari hatiani katika kesi nyingi. Wakili kijana anafanya kazi humo, kati ya kinga nzuri kuliko ya raia na mizani iliyoinamia upande wa mkubwa. Mimi naamini siasa za mrengo wa kushoto za Lieu, mwanachama wa chama cha Democratic, zina mizizi hapo, ingawa kwa vipimo vya Ulaya wapo watakaomwita mtu wa kati.

Alianza na udiwani wa Torrance, akaingia baraza la chini la Bunge la California mwaka 2005 na Seneti ya jimbo mwaka 2011. Mara zote mbili ulikuwa uchaguzi mdogo, baada ya mwenye kiti kufariki.

Zitazameni sheria alizozisimamia. Mwaka 2009, nyumba za walioshindwa kulipa mikopo zikinadiwa mtaa kwa mtaa, sheria yake iliongeza siku 90 kabla ya nyumba kuuzwa, isipokuwa mkopeshaji awe na mpango unaokubalika wa kuwapunguzia wadaiwa mzigo. Mwaka 2012 ikaja ile iliyomtangaza: California ikawa jimbo la kwanza kuwakataza watoa tiba ya akili wenye leseni kujaribu kubadili mwelekeo wa kimapenzi wa mtoto aliye chini ya miaka 18. Iliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Inamgusa mwenye leseni akiwa kazini, na padri au mchungaji hayumo. Ilipopingwa, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliiacha isimame mwaka 2013. Baada ya siri za upelelezi wa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano ya simu na mtandao, kufichuka, akapitisha nyingine, iliyotiwa saini 2014, ya kuizuia California kusaidia serikali ya shirikisho kukusanya taarifa za watu kinyume cha sheria. Mdaiwa, mtoto, mwenye simu: kila mmoja yuko mbele ya mtu mwenye nguvu kumzidi, kama yule koplo.

Mwaka 2015 aliingia Bunge la Marekani kwenye kiti alichokiacha Henry Waxman baada ya miaka 40 bungeni.

Jambo moja kabla ya maswali. Miaka yote ya Sacramento, makao makuu ya jimbo la California, Lieu alibaki ofisa wa akiba. Alistaafu mwaka 2021 akiwa kanali. Kifungu cha 88 cha kanuni zilezile kinamkataza ofisa kutamka maneno ya dharau dhidi ya Rais, na pia dhidi ya gavana au bunge la jimbo analotumikia. Kwa hiyo seneta huyu, aliyelipwa ili kubishana na gavana, siku akiitwa kazini kambini ndani ya California alivaa sare, na kifungu hicho kikamhusu.