Safu ya Kurudisha: Kuandika Maisha ya Chuo Kikuu Wakati wa Vita

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wakutubi, watunza nyaraka na wanafunzi wa historia)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wakutubi wenzangu, na ninyi vijana mliobanana kwenye daladala kuja huku Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jioni hii, asanteni kwa kuja.

Naanza na daftari. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alinijia na kiroba cha unga kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na daftari la jalada gumu, kingo zake zimeliwa na mende. Mzee huyo aliwahi kuwa fundi wa maabara katika jiji hili, na lile lilikuwa daftari la kuazimia vifaa: jina, kifaa, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, sahihi. Kurasa kwa kurasa za bireti, pipeti na mizani. Nilikuwa nazifunua kwa heshima tu, kwa kuwa mwenyewe amekaa mbele yangu, mpaka nikafika miezi ya mwisho ya 1978. Hapo, kwenye safu ya kurudisha, katika mistari mitatu, palipotakiwa sahihi mtu ameandika neno moja kwa penseli: Kagera.

Nikamuuliza, "Mzee, hawa walirudi?" Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Huyu alirudi." Kwenye wa pili: "Huyu naye, ila kazini hakuonekana tena." Kwenye wa tatu hakusema kitu. Alilifunga daftari taratibu, akaomba maji.

Nimetunza nyaraka kwa zaidi ya miaka 30, na sijashika karatasi iliyonikaa moyoni kama ile. Ninachotaka kusema leo kimo ndani ya safu hiyo. Chuo kikikutwa na vita, cha kwanza kuandikwa kiwe kazi iliyokatika: nani alikuwa anafanya nini, siku gani, na akaiachia wapi. Majengo yakibomoka waandishi wa habari watayapiga picha. Kazi iliyokatikia njiani haina mpiga picha.

Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, tumeviandika, na tumeviimba. Hata mtoto wa shule anaweza kukutajia maneno ya Mwalimu Nyerere: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Tunajua Kampala ilitekwa 11 Aprili 1979. Tunajua kwamba tarehe 29 Machi mwaka huohuo ndege ya Libya ilitaka kulipua matangi ya mafuta Mwanza, mabomu yakapita lengo na kuua swala kwenye hifadhi ya Saanane. Swala wale wamo kwenye vitabu. Watu wangu watatu wa bireti hawamo.

Sasa fikirieni Mlimani ya mwaka ule. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, kijana hakutoka kidato cha sita akaingia chuoni moja kwa moja. Alipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi kwanza, ndipo akaja. Kwa hiyo mwanafunzi wa 1978 alikuwa mtu mzima aliyekwisha kupiga kwata na kulenga shabaha, pengine na mke na watoto. Na tarehe 5 Machi mwaka huo wanafunzi walikuwa wameandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wakawazuia, na mamia wakafukuzwa chuo. Haikupita miezi minane majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka. Kijana aliyerudishwa kwao kwa amri ya serikali mwezi Machi, mwezi Novemba anasikia serikali hiyohiyo redioni ikimwita ailinde nchi. Alijisikiaje? Alikwenda? Alimwambia nini mama yake? Majibu ya maswali hayo hayatoki kwenye taarifa za kijeshi. Yako kwenye barua, kwenye kumbukumbu za vikao vya mabweni, kwenye shajara iliyosahauliwa chini ya kitanda Sinza au Moshi.

Tena katika miaka hiyo kuna waliofundisha hapahapa ambao vita vile vilikuwa vya kwao nyumbani. Mahmood Mamdani, Dani Nabudere na Yash Tandon walikuwa Waganda waliokaa mbali na Amin, wakifundisha Dar es Salaam. Mabishano yao na wenzao, akiwemo Issa Shivji, kuhusu tabaka, dola na ubeberu yalipita mkono kwa mkono katika karatasi za saiklostaili, zile zinazonuka wino na kuchafua vidole. Mwaka 1982 yakatoka kama kitabu. Yalisalimika kwa sababu kuna mtu alizikusanya karatasi zile wakati wengine wanafungia maandazi. Na mkutano wa Moshi wa Machi 1979, ulioandaa serikali ya Uganda baada ya Amin, ulimchagua Yusuf Lule, mtu aliyewahi kukiongoza chuo cha Makerere, Uganda. Chuo na vita vilikuwa vimeshikana hivyo.

Naomba nikiri jambo. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ambako mafaili ya miaka ya 70 yalitolewa nje ili ipatikane nafasi ya viti vipya. Yakakaa uani siku nne, mvua za masika zikayakuta. Nilikuwa karani mdogo, nikaona, nikanyamaza. Yakachomwa. Sijui yalikuwa na nini, na tangu hapo sijanyamaza tena.

Twende Khartoum, Sudan, maana huko jambo hili bado bichi. Chuo Kikuu cha Khartoum kilianza kama chuo cha Gordon mwaka 1902, kikawa chuo kikuu 1956. Kiko katikati ya mji, karibu na Nile ya Buluu, karibu pia na ikulu na makao makuu ya jeshi. Vita kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF vilipolipuka Jumamosi ya 15 Aprili 2023, katika mfungo wa Ramadhani, wanafunzi na wafanyakazi walinaswa ndani siku kadhaa. Mwanafunzi mmoja alipigwa risasi, akafa, na wenzake wakamzika humohumo chuoni kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumtoa.

Mwezi uliofuata, huko Omdurman, ng'ambo ya mto, kituo cha masomo ya Sudan cha Chuo Kikuu cha Ahlia kiliungua pamoja na maktaba yake. Na Khartoum kilikuwapo kituo cha utafiti wa maisetoma, kilichofunguliwa 1991. Ugonjwa huo humwingia mkulima au mchungaji asiye na viatu kupitia mwiba au mkwaruzo, ukaitafuna nyama ya mguu hadi kwenye mfupa, na mara nyingi mwisho wake ni kukatwa mguu. Dunia haikuujali. Wasudani waliujali: wakakusanya sampuli na taarifa za wagonjwa kwa zaidi ya miaka 40, tangu kabla ya kituo chenyewe. Kituo kimeharibiwa, na hifadhi ya sampuli imepotea yote. Kila chupa mle ilikuwa mguu wa mtu, na kijiji, na tarehe. Ukijenga upya jengo lilelile, miaka 40 hiyo huipati.

Mbegu zilikuwa na bahati zaidi. Benki ya mbegu ya Sudan, mjini Wad Medani, iliporwa baada ya mji ule kutekwa Desemba 2023. Lakini sehemu ya mbegu ilikwisha kupelekwa Svalbard, Norwei, kwenye ghala la barafu, na Februari 2025 zikapelekwa nyingine, mtama ukiwamo. Mwenye akiba ya mbegu kwa jirani halali njaa akiunguliwa ghala. Nyaraka nazo ni hivyohivyo: nakala moja ikae mbali, nje ya mji, ikiwezekana nje ya nchi.

Mtaniuliza, Khartoum na sisi wapi na wapi? Aprili ile Watanzania zaidi ya 200 waliondolewa Sudan, wengi wao wanafunzi, wakashuka hapa kwenye uwanja wa Mwalimu Nyerere. Baadaye wanafunzi wa udaktari wa Kisudani wakaja kuendelea na mafunzo hospitali ya Muhimbili. Wako nasi. Wengine mmepanda nao gari moja leo.

Nilikaa na msichana mmoja kati yao Upanga, mezani chai na kashata. Tulizungumza kwa Kiingereza chake na changu, na Kiarabu changu kidogo cha madrasa. Nilianza vibaya: nilimuuliza mabomu. Akajibu kwa maneno mafupi, macho dirishani. Ndipo nikamuuliza, "Alhamisi ile, tarehe 13, kabla ya wikendi yenu, ulikuwa unafanya nini?"

Aliongea saa mbili. Kikundi chao kilikuwa kinachunguza vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Walihitaji fomu 100, walikuwa nazo 61, ndani ya bahasha ya kijani juu ya kabati, na walipanga kuendelea Jumapili. Akanionyesha picha kwenye simu yake: ukurasa mmoja wa fomu, aliupiga kwa sababu mwandiko wa mwenzake haukusomeka na alitaka kumuuliza. Ndio ukurasa pekee uliobaki.

Na pale pale pana kazi ya mtunza nyaraka. Jina la mgonjwa lilisomeka kwenye picha. Tukatengeneza nakala mbili: ya kusomwa, jina limefunikwa, na ya asili, imefungiwa mpaka wenyewe waseme ifunguliwe. Jina la msichana mwenyewe nalo liko kwenye daftari la pembeni, kwa sababu ana ndugu bado kule. Ushuhuda hautakiwi kumletea mtu balaa. Lakini tarehe, mahali na jina la aliyerekodi haviachwi hata siku moja. Picha isiyo na maelezo, baada ya miaka 20 ni sura za watu tu. Andikeni nyuma yake kwa penseli laini, msitumie kalamu ya wino. Kwa unyevu wa Dar wino hupenya mpaka kwenye sura.

Nimezidisha muda, mwenyekiti ananitazama. Meza iko pale nyuma karibu na mlango, pana kinasa sauti na vijana wawili waliofundishwa kusikiliza. Wenzetu kutoka Sudan, na wazee wetu wa 1978, karibuni mkae, hata dakika kumi. Mwenye karatasi nyumbani azilete zilivyo. Msizipange, msizifute vumbi, msiondoe hata kamba. Namna zilivyolala nayo ni habari. Mlinzi ameniahidi hatafunga mpaka saa tatu usiku.