Charcot: Jina la Baba na Mwana

Ndugu wasikilizaji, asomaye kitabu cha maradhi ya mishipa ya fahamu hukutana na jina la Charcot, na atazamaye ramani ya Antaktika hulikuta tena, wala si wengi wanaouliza kama ni la mtu mmoja.

Wa kwanza ni Jean-Martin Charcot, aliyezaliwa Paris mwaka 1825, mtoto wa fundi wa magari ya farasi. Mwaka 1862 alikabidhiwa wodi katika hospitali ya Salpêtrière, ambako maelfu ya wanawake maskini, wengi wao wasiotarajiwa kupona, waliishi hadi kufa. Aliwafuatilia wagonjwa wale kwa miaka, akaandika kila dalili, na baada ya kifo akauchunguza uti wa mgongo kwa hadubini ili ajue ni mahali gani palipoharibika. Hivyo ndivyo alivyoweza, kuanzia mwaka 1869, kuutambulisha ugonjwa unaonyausha misuli na kuikakamaza kwa pamoja, ambao Wafaransa hadi leo huuita kwa jina lake. Mihadhara yake kuhusu histeria, yaani kupooza na kifafa visivyo na jeraha linaloonekana mwilini, iliyomvuta mwaka 1885 hata kijana Sigmund Freud, aliyekuja kuanzisha tiba ya uchambuzi wa nafsi, ilimpa sifa kubwa zaidi, lakini nadharia yake kuhusu maradhi hayo haikudumu. Heshima yake, kwa maoni yangu, imo katika ile kazi ya subira.

Mwanawe, Jean-Baptiste, aliyezaliwa mwaka 1867, alisomea udaktari kwa matakwa ya baba, ilhali moyo wake ulikuwa baharini. Baba alipofariki mwaka 1893, mwana alipata urithi, na baadaye akautumia kuunda meli. Aliongoza safari mbili za Antaktika, ya 1903 hadi 1905 na ya 1908 hadi 1910, na katika ile ya pili, akiwa na meli yake Pourquoi-Pas?, aliona kwa mbali nchi ng'ambo ya barafu asiyoweza kuivuka. Ndiyo iliyoitwa Nchi ya Charcot. Anayedhani kwamba alijitukuza anamdhulumu, kwa maana alieleza wazi kuwa jina lile ni kumbukumbu ya baba yake. Mwaka 1929 mpelelezi wa Australia, Hubert Wilkins, aliruka kwa ndege kuizunguka, ikabainika kuwa ni kisiwa.

Tarehe 16 Septemba 1936 dhoruba iliisukuma Pourquoi-Pas? juu ya miamba ya Iceland. Jean-Baptiste alizama pamoja na wenzake; baharia mmoja tu ndiye aliyefika ufukweni akiwa hai.