Kijiko Kimoja cha Maji: Namna ya Kuonja Burboni Kali

*Mazungumzo na wahudumu wa baa na hoteli wanaozungumza Kiswahili, Louisville, Kentucky*

Kaka na dada, habari za mchana. Naona wa nyuma huko wameshaanza kuzinusa glasi. Ziacheni kwanza. Zifunikeni na kile kikaratasi, tutazifikia.

Najua tuko na wenzetu hapa wasiokunywa, wengine kwa sababu ya dini, wengine kwa sababu zao. Karibuni sana. Kazi kubwa ya leo ni ya pua, na ukishafika wakati wa ulimi unaweza kumwachia jirani.

Nianze na aibu yangu. Wiki yangu ya kwanza nyuma ya kaunta mjini hapa, mteja mmoja mzee aliagiza burboni, ile wiski ya mahindi ya huku, tena ya nguvu ya pipa, yaani isiyopunguzwa kwa maji kabla ya kutiwa chupani, akaniambia nami nionje kidogo nimwambie nimesikia nini. Mimi nilikuwa nimezoea Konyagi, ambayo ina asilimia 35 ya kileo. Nikaingiza pua yote kwenye glasi, nikavuta pumzi kama mtu anayenusa biriani, kisha nikapiga funda. Machozi yalinitoka. Mzee akauliza, "Enhe, umesikia nini?" Nikamjibu, "Moto." Akacheka, akanisogezea glasi ya maji na kijiko. Mengi ya nitakayosema leo yalianza na kile kijiko.

Kwanza hili neno prufu, maana wateja watawauliza. Hapa Marekani prufu ni asilimia ya kileo mara mbili, basi. Prufu 100 ni asilimia 50. Kuna hadithi ya zamani ya Waingereza kwamba walimwagia kileo baruti kisha wakaiwasha. Ikiwaka, kileo kimethibitika, na uthibitisho kwa Kiingereza ndiyo hiyo prufu. Wale mliokulia karibu na wapika chang'aa mnaijua njia hiyo bila baruti: inamwagwa kidogo motoni, watu wanatazama ule mwali wa buluu. Kumbukeni tu kwamba mwali unakuambia kuna kileo cha kutosha. Haukuambii kama ni kizuri, wala kama ni salama. Na prufu kwenye lebo ni hivyo hivyo. Mteja anayekuambia "nipe yenye namba kubwa kabisa" hajakuambia anapenda nini.

Chupa iliyo mbele yenu ni Wild Turkey Rare Breed, kutoka Lawrenceburg, mwendo wa kama saa moja kutoka hapa. Prufu 116.8, yaani asilimia 58.4. Nimeichagua kwa sababu si ghali kupita kiasi na haijachujwa kwa baridi, kwa hiyo mafuta yake ya asili bado yamo. Mkiiongezea maji mengi mnaweza kuona ukungu kidogo. Msishtuke, ni hayo mafuta.

Sheria ya burboni ni fupi. Mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka. Mtamboni isitoke na zaidi ya prufu 160, na pipani isiingie na zaidi ya 125. Pipa liwe jipya, la mwaloni, lililounguzwa ndani. Kisha usiongeze chochote isipokuwa maji: si rangi, si sukari. Wenzetu wa Lubumbashi wanaijua lutuku, pombe kali ya kienyeji ya mahindi. Kinachotoka mtamboni Kentucky, ambacho wenyeji hukiita mbwa mweupe, ni ndugu yake kabisa, kisicho na rangi, kinachonukia mahindi. Rangi yote mnayoiona kwenye glasi imetoka kwenye mti.

Sasa mtu ataniuliza: kama haiingii pipani zaidi ya prufu 125, hizi chupa za 135 au 140 zinatoka wapi? Swali zuri. Ghala za mapipa za hapa ni ndefu, nyingine zina ghorofa saba, na kiangazi kule juu ni joto la bati la saa saba mchana. Kwenye joto kavu namna hiyo maji hupenya mbao na kupotea haraka kuliko kileo, kwa hiyo kinachobaki kinazidi kuwa kikali mwaka hadi mwaka. Uskoti, kwenye ubaridi na unyevu, mambo huwa kinyume. Kule nguvu hushuka. Chupa za Kentucky zinazopita prufu 140 mashabiki huziita mzigo wa hatari, kwa sababu kileo kinachozidi asilimia 70 hakiruhusiwi kwenye ndege. Wengine huzisaka kwa ajili ya hilo tu. Mimi nimeonja kadhaa, na nusu yake nisingenunua tena.

Haya, fungueni glasi.

Msiziinue hadi puani. Ishike glasi usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, uache harufu ikufuate yenyewe. Mkisikia inachoma, mko karibu mno. Kileo cha namna hii kinaitia pua ganzi kwa dakika kadhaa, na ikishaingia ganzi utakuwa unakisia. Watengenezaji wa wiski wa Uskoti, wanapotathmini mapipa yao kwa pua, huishusha wiski kwa maji hadi karibu asilimia 20 kabla hawajainusa. Watu wa kazi hiyo hawaoni aibu ya maji hata kidogo.

Mnasikia nini? ... Vanila, ndiyo. Hiyo inatoka kwenye mbao yenyewe, mwaloni unapounguzwa. Sukari iliyoungua pia, na wengine watapata nazi iliyokaangwa. Mwaloni wa Marekani una mafuta yanayonukia nazi. Dada pale amesema karafuu. Dada, umetoka wapi? ... Pemba! Basi huyu atatufundisha sote. Harufu ya karafuu inaletwa hasa na kitu kinachoitwa eujenoli, na mwaloni nao unacho. Kwa hiyo hajafananisha tu. Amekutana na kitu kilekile alichokua akikinusa kikianikwa kwenye mikeka.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Tunapewa karatasi za kuonja zenye maneno ya watu wengine: keki ambazo hatujawahi kuzila, matunda ya misituni ambayo hatuyajui. Mhudumu anayakariri kama dua. Mteja anahisi. Andika iliki kama ni iliki. Andika sukari guru, halua, tende, ubuyu, ngozi ya viatu vipya, tumbaku ya babu. Mteja wa Kentucky hatajua halua, lakini atakuuliza, nawe utakuwa na la kumweleza, na mazungumzo hayo ndiyo yanayomrudisha kesho.

Sasa ulimi. Tone dogo kabisa, kiasi cha kulowesha midomo tu. Lizungushe, limeze au liteme kwenye kikombe. Hilo la kwanza halihesabiki. Ni la kuuambia mdomo ujiandae. Ule moto mnaousikia si joto la kweli. Kileo kinakigusa kihisio kilekile kinachoguswa na pilipili, na kinakifanya kianze kulalamika kwa joto la mwili la kawaida. Funda la pili, baada ya dakika moja, huwa pole zaidi.

Funda la pili ndilo la kuandika. Utamu uko wapi, mbele au nyuma? Kuna uzito, kama uji, au ni nyepesi kama maji ya wali? Kisha ukakasi. Lugha yetu ina neno hilo zuri na wengi hawalitumii kwenye baa. Ule mkauko wa ndizi mbichi, au wa chai iliyosahauliwa jikoni, unatoka kwenye mbao. Kidogo unaishikilia ladha isiporomoke. Ukizidi, pipa limeshinda nafaka, na mara nyingi hiyo ni wiski iliyokaa muda mrefu kupita kiasi kwenye ghorofa ya juu. Bei yake huwa kubwa, na ukakasi wake huwa mkubwa vilevile.

Chukueni kijiko cha chai. Glasi yenu ina mililita 30. Kijiko kimoja, mililita 5, kinaishusha kutoka asilimia 58.4 hadi 50. Tieni, koroga kidogo, subirini dakika mbili, nuseni tena.

Imefunguka, sivyo? Sasa matunda yametokea. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, waliigiza jambo hili kwa kompyuta. Walichunguza guayakoli, kemikali ya wiski yenye harufu ya moshi. Waliona kwamba kwenye mchanganyiko ulio chini ya asilimia 45 ya kileo, molekuli hizo hukaa zaidi juu, pale kimiminika kinapokutana na hewa. Kikizidi asilimia 59 huzama katikati ya kileo. Kitu kilichozama pua yako haikipati. Ni harufu moja tu waliyoipima, kwa hiyo nisiwauzie kama kanuni ya wiski yote, lakini inakwenda sambamba na yale mnayoyasikia sasa hivi.

Na hapa ndipo ninapoitathmini burboni kali, kuliko mahali pengine popote. Tia kijiko cha pili. Mko karibu na asilimia 44. Kama bado ina utamu, viungo na uzito, basi ile nguvu ilikuwa imebeba kitu. Kama imebaki vanila ya mbali na maji maji, basi ulilipia moto. Rare Breed, kwa kinywa changu, inastahimili kijiko cha kwanza vizuri sana. Cha pili kinaanza kuipunguzia uzito, ingawa viungo vinabaki. Wewe unaweza kuona vingine. Ukiona vingine, andika, usinakili kwangu.

Kuna mashabiki watakaowaambia kutia maji ni dhambi. Huyo mteja mpe anavyotaka, kavu, na maji pembeni. Msibishane naye.

La mwisho ni la kazi. Hizo mililita 30 za asilimia 58.4 zina karibu gramu 14 za kileo halisi, ambayo kwa hesabu ya Marekani ni kinywaji kimoja kizima. Mkimmiminia mtu mililita 60, amekunywa viwili kwenye glasi moja, na hajui, kwa sababu kwa macho ni kiasi kidogo tu. Mnapowahesabia wateja vinywaji, hesabuni hivyo. Na nyie mliokuja na magari, vikombe vya kutemea viko hapo kwa sababu hiyo.

Glasi msizioshe. Zikikauka harufu ya kileo huondoka, na inayobaki chini huwa ya mbao, sukari na tumbaku. Tunywe chai kwanza, robo saa hivi, kisha tuzinuse zikiwa tupu, na dada wa Pemba ndiye atakayeanza kusoma karatasi yake.