Tutu, Rinda Lililofuata Miguu

Habari za asubuhi, mafundi. Nawaita mafundi hata nyinyi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu leo nahitaji watu wanaojua bandi ni nini na mshono wa cherehani ni nini. Mkijua hilo tutaelewana.

Vazi lililo mezani ni tutu, rinda la wachezaji wa baleti. Mmeliona kwenye televisheni, kwenye keki za siku ya kuzaliwa, kwenye picha za watoto. Sasa litazameni kwa jicho la fundi. Naligeuza juu chini. Mnaona? Ndani kuna chupi, na juu ya chupi hiyo zimeshonwa safu za neti, moja baada ya nyingine. Tuhesabu pamoja: ziko 11. Ya chini kabisa, hii inayogusa paja, haizidi upana wa vidole viwili. Inayofuata imeizidi kidogo, na hivyo hivyo mpaka ya juu, ambayo imepita urefu wa rula ya shule. Zile fupi za chini ndizo zinazozibeba ndefu za juu.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea tutu ya binti yake iliyokuwa imelegea. Niliona safu zimeshikwa kwa nyuzi ndefu, za kulegea, nikadhani aliyeishona alikuwa na haraka. Nikazikaza kwa cherehani, safu kwa safu. Tutu ikafa. Ililala pande zote, na mtoto aliporuka haikuruka naye. Usiku ule nilifumua kazi yote na kurudisha bandi zile zile nilizozidharau: uzi unaopita safu hadi safu, ukiachiwa nafasi ili neti ipande na kushuka. Tangu hapo sijaacha kulisoma vazi hili. Nililoliona ni kwamba kila mkasi ulipopita kwenye rinda hili, kulikuwa na mchezaji ambaye miguu yake ilikuwa inadai nafasi.

Twende Paris, miaka ya 1700. Wanawake waliocheza kwenye Opera ya jiji hilo walivaa kama mabibi wa ikulu: gauni zito, limetanuliwa kiunoni kwa fremu, pindo linakaribia sakafu. Humo ndani mguu ungeweza kufanya maajabu na asiuone mtu. Marie Camargo alikuwa anaruka na kupishanisha miguu hewani kwa ustadi ambao watu waliuzoea kwa wanaume. Akapandisha pindo lake juu ya kifundo cha mguu. Ni sentimita chache tu, lakini zilizua maneno. Mwenzake Marie Sallé, mwaka 1734 mjini London, aliiacha fremu kabisa akapanda jukwaani na vazi jepesi la melimeli.

Halafu ikaja tarehe 12 Machi 1832. Opera ya Paris ilionyesha La Sylphide, hadithi ya kijana wa Uskoti anayempenda kiumbe wa hewani. Dansi ilitungwa na Filippo Taglioni, na kiumbe huyo alichezwa na binti yake, Marie. Baba alikuwa amemfundisha kwa ukali usio kifani, saa nyingi kila siku, mpaka akaweza kusimama juu ya ncha za vidole akiwa amevaa viatu laini vya satini vilivyotiwa nyuzi puani. Kazi kama hiyo ungeifunika kwa gauni? Vazi alilovaa, ambalo sifa yake hupewa mchoraji Eugène Lami, lilibana kifua, likaacha mabega wazi, kisha likafumuka kuanzia kiunoni kama kengele, safu juu ya safu za kitambaa cheupe chembamba. Liliishia katikati ya muundi. Chini yake palikuwa wazi kwa ajili ya ile miguu.

Na kulikuwa na taa. Gesi ilikuwa imeingia kwenye Opera hiyo miaka kumi kabla, 1822. Kitambaa kizito hurudisha mwanga. Kitambaa chepesi chenye safu nyingi huuruhusu uingie, na unabaki humo ndani. Mchezaji akaonekana kama amevaa ukungu. Baada ya usiku ule jukwaa likawa jeupe. Giselle ya mwaka 1841 ina kundi zima la mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya kuolewa, wote ndani ya rinda la aina hiyo. Niwakumbushe pia mashine, maana mafundi tunasahau mashine: neti iliyokuwa inafumwa kwa mkono, polepole mno, ilianza kutoka mashineni kwa mita baada ya Mwingereza John Heathcoat kusajili mtambo wake mwaka 1809. Bila yeye nisingepata neti ya bei nafuu Kariakoo leo.

Sasa nifike penye uzito. Kitambaa chembamba, kikavu, chenye hewa katikati ya safu zake, karibu na taa za gesi zisizo na kizuizi. Mnaijua kazi ya moto. Clara Webster aliungua jukwaani London mwezi Desemba 1844, akafa. Mfalme wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu, mwaka 1859 aliagiza mavazi ya jukwaani yachovywe kwenye dawa ya kuzuia moto. Dawa ilifanya kazi. Lakini iliacha kitambaa kigumu, na kikaingia umanjano.

Emma Livry alikuwa na umri wa miaka 16 alipoanza kucheza Opera. Marie Taglioni, ambaye tayari alikuwa amestaafu, alimwona, akampenda kama mtoto wake, akamtungia dansi mwaka 1860 iitwayo Le Papillon, yaani kipepeo, kwa muziki wa Offenbach. Katika hadithi hiyo, kipepeo anavutwa na mwenge, na mbawa zake zinaungua. Livry aliandika barua kwa wakubwa wa Opera: atacheza na rinda lake la kawaida, lisilochovywa, na litakalotokea ni juu yake. Tarehe 15 Novemba 1862 walikuwa kwenye mazoezi. Aliposimama pembeni ya jukwaa akisubiri zamu yake, rinda liligusa mwali wa taa. Akakimbia jukwaani huku moto ukimpanda. Aliishi miezi minane zaidi, kwa maumivu makali, akafa Julai 1863 akiwa na miaka 20. Inasimuliwa kwamba hata kitandani alikiri kuwa marinda yenye dawa yana usalama zaidi, lakini akasema asingeyavaa, kwa kuwa ni mabaya. Mabaki ya vazi lake yamehifadhiwa mpaka leo kwenye makumbusho ya Opera ya Paris: vipande vidogo, vimeungua kingo.

Nimewafikiria sana wanaomwita mjinga. Mimi siwezi. Kitambaa kigumu hakichezi. Mchezaji anakihisi kila anaporuka, kama nilivyoona kwa yule mtoto na tutu niliyoikaza. Livry alikuwa anatetea kitu halisi. Aliyekosea ni yule aliyeacha mwali wazi pembeni ya wasichana waliovaa neti.

Jina la tutu lilianza kuandikwa kuelekea mwisho wa karne hiyo, na wenye kamusi wengi wanalihusisha na neno la kitoto la Kifaransa la makalio. Mwaka 1881 Edgar Degas alionyesha sanamu ya nta ya binti wa miaka 14, mwanafunzi wa shule ya Opera, akaivika sketi ya kitambaa cha kweli. Baada ya kifo cha Degas sanamu hiyo ilinakiliwa kwa shaba. Shaba inadumu na kitambaa kinachakaa, hivyo mafundi wa makumbusho hulazimika kuishonea sketi mpya. Kazi hiyo naitamani.

Rinda likahamia Urusi pamoja na wachezaji wa Italia. Virginia Zucchi alifika St. Petersburg mwaka 1885, na alilitaka fupi. Akaja Pierina Legnani, ambaye mwaka 1895 kwenye baleti ya Swan Lake alizunguka mara 32 juu ya mguu mmoja, mguu wa pili ukichapa hewani kwa usawa wa nyonga. Jaribuni kuuchapa mguu hivyo ndani ya gagulo linalofika muundi. Ndipo rinda likapanda hadi juu ya goti, kisha likaendelea kupanda mpaka likasimama kando kama sahani, likishikiliwa na waya uliopitishwa kwenye safu mojawapo.

Waya ule ulileta shida yake. Sahani mbili zikigongana, zote mbili zinainuka upande. Barbara Karinska, mzaliwa wa Kharkiv, ndiye aliyeitatua mwaka 1950 huko New York, alipomshonea mtunzi wa dansi George Balanchine mavazi ya Symphony in C, dansi ambayo mwishoni inajaza jukwaa kwa wachezaji wapatao hamsini. Aliutoa waya. Akapunguza safu zikawa sita au saba, akazifupisha, akaziunga kwa bandi za kulegea zibebane zenyewe. Wachezaji wakigusana, neti inabonyea na kurudi. Vipande vya kifuani alivikata kwa mshazari, ndipo mbavu zikapata nafasi ya kupumua. Nikitazama kazi yake naona mtu aliyewahi kumuuliza mchezaji, "Panakubana wapi?"

Jambo la mwisho, la utunzaji. Tutu haitundikwi kama gauni. Ukiitundika wima, uzito wa neti unazivuta safu chini, na baada ya wiki chache imelala. Hutundikwa kichwa chini, miguu juu. Hii nimepanda nayo daladala asubuhi ikiwa imegeuzwa hivyo hivyo, nikiwa nimeishika juu ya vichwa vya watu, na hakuna abiria aliyelalamika. Mtoto mmoja aliomba kuigusa, nikamruhusu.

Sogeeni mezani watatu watatu, mikono iwe mikavu. Anzeni na safu ya chini, tafuteni uzi wa bandi, muufuate mpaka juu.