Kaja na Mguu Mbaya, au Ni Kaskazi?

MWANAIDI: Asalaam aleikum, hamjambo nyote mnaotusikiliza. Mimi Mwanaidi, niko na kaka Salimu, tuko Ngamiani hapa Tanga. Tunarekodi usiku, madirisha yote wazi, kwa hiyo mkisikia bodaboda zinapita mtuvumilie. Mchana hakukaliki.

SALIMU: Waaleikum salaam. Hakukaliki kweli. Na hii wiki yenyewe, da Mwanaidi, jinsi ilivyotuandama!

MWANAIDI: Ndiyo tunayoiongelea leo. Mimi nakaa nyumba ya wapangaji, uwanja mmoja, bomba moja. Wiki hii kila mlango umepata lake. Shangazi kaharibikiwa na samaki pamoja na barafu zake. Jirani kachomwa na nyuki. Watoto wamejaa harara. Baiskeli imepasuka tairi ikiwa imeegeshwa tu ukutani, hakuna aliyeipanda. Yote hayo yangepita kama yanavyopita kila kiangazi. Lakini wiki hiyohiyo chumba cha mwisho kaingia mpangaji mpya na mkewe, binti wa watu, hina ya harusi bado haijamtoka mikononi. Basi tuko kwenye foleni ya maji, nikasikia mtu anasema, "Yule kaja na mguu mbaya."

SALIMU: Astaghfirullah.

MWANAIDI: Na mwenyewe alikuwa nyuma yetu na ndoo yake. Kasikia kila kitu. Kaweka ndoo chini, kainamisha uso, kanyamaza. Kaka, mimi usiku ule sikulala vizuri. Mtu katoka kwao, hana ndugu hapa, hata majina yetu bado hajayashika, tushampa lawama ya mji mzima.

SALIMU: Unajua mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa na siku zake za nuksi. Jumatano ya mwisho ya mfungo tano, mwezi wa Safar, nyumbani kwetu hakuna anayesafiri, hakuna anayeanza kazi mpya. Nampenda bibi yangu na namwombea kila nikiswali. Lakini madrasa hiyohiyo aliyonipeleka yeye ndiyo iliyonisomesha hadithi ya Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, inayokataa mambo ya ndege mbaya na inayokataa nuksi ya Safar, imetajwa kwa jina. Sasa kama mwezi mzima umetolewa nuksi, mguu wa binti utaitoa wapi?

MWANAIDI: Mwambie huyo! Lakini mimi nataka tuende mbele zaidi. Nataka tushike jambo mojamoja tuulize limetokea wapi. Tuanze na samaki, maana hapo ndipo pesa ilipopotea.

SALIMU: Samaki naanza mimi, maana kaka yangu ananunua kule Deep Sea, penye mnada wa samaki. Wiki hii mwezi ulikuwa mpevu. Vibua na dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza, samaki wanaifuata taa, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwaka bahari yote iko nyeupe, taa ya mvuvi haiwavuti tena. Vyombo vingi vya taa vinapumzika siku hizo. Kwa hiyo samaki waliofika mnadani walikuwa wachache na wanunuzi walewale. Bei ikapanda. Shangazi yako kanunua kwa bei ya mbalamwezi.

MWANAIDI: Kanunua ndoo, vibua na changu, kwa pesa aliyoiweka kwa ajili ya kodi. Karudi, kawatia kwenye friza iliyokuwa na barafu za ubuyu na ukwaju, zile anazowauzia watoto wa shule. Alasiri umeme ukakatika, ukarudi kesho yake magharibi.

SALIMU: Na kukatika kwenyewe kuna sababu. Joto likizidi kila chumba feni inazunguka, na friji zinafanya kazi bila kupumzika. Transfoma ya mtaa ikazidiwa.

MWANAIDI: Sasa wenye friza nisikilizeni hapa. Friza iliyojaa vitu vilivyokwisha kuganda, ukiifunga usiifungue, inaweza kukaa na ubaridi wake karibu siku mbili. Ikiwa nusu, kama siku moja. Friji ya kawaida ni muda wa saa nne hivi, basi. Ya shangazi ilikuwa na samaki wapya ambao hawajaganda, bado wana joto la sokoni. Hao ndio waliozimaliza barafu. Halafu kila anayepita anafungua aone kama zimeyeyuka! Mtoto kafungua, mama mtoto kafungua, mimi nikapiga kelele weee, mpaka nikaweka kiti juu ya mfuniko na beseni juu ya kiti.

SALIMU: Asubuhi ikawaje?

MWANAIDI: Hapo ndipo penye uchungu. Changu walikuwa chini kabisa, wamebanwa na barafu za mwisho, bado baridi. Vibua walikuwa juu, wamepata joto usiku kucha. Shangazi anasema tuwakaange haraka, tutie ndimu na pilipili, tuuze. Nikamwambia shangazi, hapana. Vibua, jodari, nguru, samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini ndani ya nyama, na kikishatengenezwa moto haukiondoi. Ukaange, uchome, uchemshe, kipo. Na samaki anaweza asinuke. Mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unamuwaka, kichwa kinamgonga, vipele mwilini, tumbo linamvuruga. Halafu ndiyo tutasikia tena, mguu mbaya!

SALIMU: Akakubali?

MWANAIDI: Kakaa kwenye kigoda kimya muda mrefu. Ile ni pesa ya kodi, kaka, usiichukulie nyepesi. Kisha kasema, "Nichimbieni shimo." Tukawafukia. Namheshimu shangazi yangu kwa neno lile kuliko kwa jambo lolote alilonifanyia.

SALIMU: Mwenyezi Mungu amlipe. Na changu?

MWANAIDI: Changu ndio habari yenyewe. Tumesimama pale, mkaa hautoshi kukaanga wote, mara mlango wa chumba cha mwisho ukafunguliwa. Binti katoka kajifunga kanga kiunoni, kauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, chumvi ya mawe mnayo?" Kumbe kwao ni Kipumbwi, kule Pangani, kalelewa na wavuvi. Kashika kisu, samaki kampasua mgongoni kutoka kichwani mpaka mkiani, kamfungua kama kitabu, kutoa matumbo, kutoa matamvua, kuosha kwa maji ya chumvi. Kisha chumvi inapigwa ndani na nje, hasa penye uti na penye nyama nene, anasema hapo ndipo uozo unapoanzia. Wakapangwa kwenye ndoo, tabaka la samaki, tabaka la chumvi, jiwe juu. Kesho yake wakaanikwa juani kwenye uchanja tulioutengeneza kwa fito na kipande cha wavu wa zamani.

SALIMU: Ng'onda!

MWANAIDI: Ng'onda safi. Jua lilelile lililotuunguza ndilo linalokausha. Februari haina mvua nyingi, upepo wa kaskazi unapita, tunageuza asubuhi na mchana, jioni tunaingiza ndani wasipate umande. Wanawake wa uwanjani wote walikuja kuangalia, na wengine wakashika visu.

SALIMU: Hata wale wa foleni?

MWANAIDI: Hata wao. Nitarudi huko. Nyuki kwanza.

SALIMU: Nyuki niachie mimi, maana hili nalipenda. Jirani yenu alichota maji kwenye pipa bila kuangalia, sivyo? Nyuki wamejaa ukingoni. Watu wakasema nyuki wameingia uwanjani, hiyo ni dalili. Jamani, nyuki wana kiu! Kiangazi madimbwi yamekauka, na nyuki wanahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote, maana wanayapeleka mzingani, wanayatandaza matone matone, halafu wanapepea kwa mabawa ili mzinga upoe. Joto linawasumbua wao kama sisi.

MWANAIDI: Subhanallah. Na wanapepea kwa mabawa yao wenyewe.

SALIMU: Na sisi watu wa Tanga tusingepaswa kushangazwa na nyuki. Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishusha hapa kikosi cha askari kama 8,000, wengi kutoka India, wakapandia upande wa Ras Kazone. Upande wa Wajerumani, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Katikati ya mapigano risasi zikavuruga mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki wakatoka wakachoma kila waliyemkuta, huyu na yule. Waingereza wakashindwa, wakarudi merikebuni. Baadaye ikavumishwa kwamba Wajerumani waliwatega wale nyuki makusudi. Hawakuwatega. Nyuki walipigiwa risasi nyumbani kwao. Lakini mtu aliyeumia anatafuta wa kumlaumu, na hiyo ni tangu enzi na enzi.

MWANAIDI: Unaona inavyofanana na foleni ya maji? Sisi tumeweka beseni la maji machache pembeni kabisa, nyuma ya choo, tumetia makumbi ya nazi ndani wapate pa kutua wasizame. Pipa tumelifunika kanga. Wamehamia huko wenyewe. Na ukichomwa, mwiba utoe upesi, ukwangue kwa ukucha, usisubiri kutafuta dawa. Ila mtu akivimba mdomo au koo, au pumzi ikimbana, hapo hakuna dawa ya nyumbani. Ni hospitali mbio.

SALIMU: Tairi hilo sitalimalizia muda. Fundi baiskeli kaeleza kwa maneno machache: tairi kuukuu, kiraka cha zamani, upepo umejazwa mpaka mwisho, halafu baiskeli ikaachwa juani mchana kutwa. Upepo unatanuka, gundi inalegea, paa! Mji huu una baiskeli nyingi na kila kiangazi anaziba tairi za namna hiyo. Iegesheni kivulini.

MWANAIDI: Na harara za watoto. Vitundu vya jasho vimeziba, jasho likabaki chini ya ngozi, ndiyo vile vipele. Kina mama wenzangu, tunawapaka mafuta mazito tukidhani tunawasaidia, na mafuta ndiyo yanayozidi kuziba. Maji baridi, nguo nyepesi ya pamba, mtoto akae penye upepo. Wa jirani yangu wamepoa bila hata dawa ya dukani. Watoto wadogo ndio ninaowahurumia zaidi msimu huu, hawawezi kusema wanachohisi, wanalia tu.

SALIMU: Na joto lenyewe lina hesabu yake. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Sasa hivi linakuja kutusimamia juu. Ongeza bahari iliyo mlangoni, hewa imejaa unyevu, jasho linatoka halikauki. Na jasho lisipokauka halikupozi. Mpaka masika yaje.

MWANAIDI: Kwa hiyo hesabu zangu ni hizi. Mwezi mpevu ulipandisha bei ya samaki. Joto likazidisha mzigo wa umeme, umeme ukaharibu samaki. Joto hilohilo likawaleta nyuki, likapasua tairi, likatoa harara. Kila moja limeshikana na jingine, na hakuna hata moja lililopita kwenye kile chumba cha mwisho. Nilisimama uwanjani nikayasema haya kwa sauti, na yeye akiwa yupo.

SALIMU: Wakasemaje?

MWANAIDI: Mmoja kasema, "Sisi tulikuwa tunaongea tu." Nikamwambia dada yangu, maneno ya "tu" ndiyo yanayomfanya mtu afungashe virago. Mwingine kanyamaza, lakini jioni kampelekea binti sahani ya mbaazi za nazi na mahamri. Wa tatu bado ana lake moyoni, simtetei. Radhi kamili bado hajaombwa, na mimi nitaendelea kuidai mpaka aombwe.

SALIMU: Na kodi ya shangazi?

MWANAIDI: Tumechanga, haijatimia, mwenye nyumba katupa muda. Ng'onda wakiuzwa pengo litapungua. Shangazi na binti wamekubaliana kwamba mwezi ukishapungua, usiku wa giza ukirudi, wananunua pamoja: shangazi na mtaji, binti na mkono. Chumvi nimenunua mimi. Kaka yako atusaidie mnadani.

SALIMU: Kaka yangu nitamwambia usiku huuhuu. Ila atataka kujua mnataka changu au vibua.

MWANAIDI: Changu kwanza. Vibua tutachukua siku tutakayokuwa na barafu ya kutosha tangu kule kule ufukweni. Wasikilizaji, walio na friza na walio na uwanja kama wetu, tutumieni sauti zenu, mtuambie kwenu kiangazi hiki kimewafikiaje. Tutakutana tena wiki ijayo, in shaa Allah.

SALIMU: In shaa Allah. Usiku mwema, na mtie maji ya kunywa mtungini kabla hamjalala.