Esha, Aisha, Mwanaisha: ni mmoja au watatu?

Assalaam aleikum jamani, ahsanteni kwa kuja, najua kuna waliotoka Shela kwa mguu na jua hili. Mi nimezeekea kwenye marejista ya hospitali, bas nianzie hapo hapo: vipi tuunganishe rekodi za mtu mmoja zilizotawanyika.

Chukulieni mama mmoja wa Faza. Kliniki ya mimba kaandikwa Esha, kaja kujifungua huku Lamu mjini nesi kaandika Aisha, mtoto akaugua wakapelekwa Malindi, karani wa kule akasoma kitambulisho, Mwanaisha, na tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kama nusu ya wazee wetu, sasa kompyuta inaona wanawake watatu. Wa Faza ati aliacha kliniki, wa mjini ati hakuwahi kwenda! Ukipanga bajeti kwa hesabu hiyo unawapangia watu hawapo.

Na zile ripoti za kila mwezi, tangu 2011 zinaingia kwa DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, zinahesabu matukio, si watu. Mtu akiugua malaria mara tatu ni tatu.

Denmark kila mtu ana namba yake, walianza 1968, ndiyo hiyo hiyo kwenye kuzaliwa, chanjo, hospitali. Kuliposambaa maneno kwamba chanjo ya surua inaleta usonji wakaunganisha marejista ya watoto 537,303, waliozaliwa 1991 hadi 1998, wakaona waliochanjwa hawakuzidi wasiochanjwa kwa usonji. Hakuna mlango uliobishwa hodi. Na msidhani ni mambo ya Ulaya tu, Kilifi hapa tangu 2000 watafiti wanaorodhesha nyumba kwa nyumba, mtu akilazwa hospitali ya kaunti anaunganishwa na orodha.

Siri je? Sheria ya kulinda data tunayo, ya 2019. Utaratibu mzuri ni hivi: anayeunganisha anaona majina bila magonjwa, mtafiti anapewa magonjwa na namba za kubuni. Lakini hebu niseme ukweli, visiwa vyetu ni vidogo. Ukiandika "mwanamke, miaka 37, Siyu, kajifungua mapacha" jina la nini tena, watoto wa madrasa watakwambia nyumba yake na mume yuko wapi. Kwa hivyo takwimu za kijiji kimoja zisitoke peke yake, zichanganywe na za jirani kwanza, na wakija watu wa mradi hapa waulizeni hilo kabla hamjatia sahihi. Naam, mama pale nyuma, uliza.