Nilipiga Kelele "Shukisha!" Angani Ohio

Assalamu alaikum, hamjambo nyote mlioko nyumbani. Mwenzenu nimerudi. Samahanini kwa hii sauti, imekauka kama ya muuza maji Kongowea, na sababu mtaijua sasa hivi.

Ile picha niliyoiweka Jumapili, nimesimama mbele ya chuma cha buluu, mikono juu, meno yote nje. Mkaniandikia "simba jike", mwengine "binti wa Pwani haogopi kitu". Leo nakuja kutubu. Picha ile ilipigwa kabla. Ya baada haipo, maana hakuna aliyeweza kunisimamisha wima. Na ya huko juu pia msiniulize, simu hairuhusiwi mkononi. Ikikuponyoka kwa kasi ile itampasua mtu kichwa. Kwa hivyo leo ni mdomo wangu tu.

Pahali penyewe panaitwa Cedar Point, mji wa Sandusky, hapa hapa Ohio. Kutoka Columbus ninakosoma ni kama saa mbili kwa gari. Ni rasi iliyojichomoza ndani ya Ziwa Erie, na watu wanakwenda kustarehe pale tangu 1870. Walianza na ufuo wa kuogelea, sasa kila ukigeuka ni rola kosta. Kwa asiyejua, rola kosta ni vigari vimeungwa kama treni, vinapandishwa mlima wa chuma, kisha vinaachiliwa. Basi. Ndiyo starehe yenyewe, na watu wanailipia. Bei ya tiketi sitaji. Mamangu anaangalia video hii na ataibadilisha kuwa shilingi kabla sijamaliza sentensi.

Mwaka jana tulikwenda watu wale wale. Mimi, rafiki yangu wa Lubumbashi anayesomea uhandisi, na kijana mmoja wa hapa hapa Ohio ambaye amezipanda hizi tangu anang'oka meno ya utoto. Mimi nikasingizia tumbo. Nikakaa kwenye benchi na mikoba ya watu, nikala viazi vya kukaanga vya kutiwa siki. Si vibaya, ila mwenye viazi karai vya ukwaju pale nyumbani asiwe na wasiwasi wa biashara. Mwaka huu nikaona aibu. Kosa langu ni kuwa niliwaambia, "Nyinyi mnanitisha nini? Mimi nimelelewa na pembea za Idi, uwanja wa Makadara, Mombasa!" Maneno hayo, jamani. Mdomo uliponza kichwa.

Sasa sikilizeni kitu chenyewe. Kinaitwa Millennium Force, kilifunguliwa mwaka 2000, kimo mita 94. Lile jumba la KICC pale Nairobi ni mita 105. Kwa hivyo panda KICC mpaka juu, teremka ghorofa mbili tatu, simama dirishani, halafu mtu akwambie: haya, shuka kwa nje.

Tulipanga foleni saa moja na nusu. Wallahi foleni ndiyo inayoua. Treni moja inabeba watu 36, na kila ikipita unasikia mayowe yao yanakuja, yanapita juu ya kichwa, yanaishia upande wa pili, halafu unasogea hatua nne. Yule wa Lubumbashi, badala ya kunituliza, akatoa kalamu akaanza hesabu kwenye kiganja chake. Teremko lenyewe mita 91, zidisha kwa mbili, zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili. Akapata mita 42 kwa sekunde, yaani kilomita kama 150 kwa saa. Treni yetu ya Madaraka Express huenda 120, na ile iko chini kwenye ardhi ya Mungu. Nikamuuliza, "Na mimi mwepesi, si nitakwenda polepole?" Akacheka. Ati uzito unajikata wenyewe kwenye hesabu, mnene na mwembamba wote mwendo mmoja. Akaniambia, "Usiogope, yaya." Kwao yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto, kwa hivyo nilisamehe.

Hijabu nilikuwa nimeifunga kwa pini mbili. Nikazitoa, nikaizungusha shingoni mara mbili na kuichomeka ndani ya shati mpaka nikafanana na mtu mwenye matubwitubwi. Tukakaa. Mkanda wa kiunoni, kisha chuma kinakuja juu ya mapaja, basi. Mabega wazi! Nilitarajia kitu cha kunishika mabega. Msichana wa zamu akasukuma kile chuma, akauvuta mkanda, akanionyesha kidole gumba, akaenda kwa mwengine. Hakuniuliza hata kama nina wazazi.

Na hapo ndipo nilipoelewa Makadara nilichokuwa nikiogopa ni nini, na hapa ni nini. Makadara kuna kijana anaisukuma pembea kwa mkono. Ukilia, anakuona. Ukisema basi, anaishika. Hata matatu likikimbizwa vipi, unagonga bodi, unaita "shukisha!", makanga anasikia. Pale nilitafuta wa kumgongea sikumwona. Kuna kompyuta na waya.

Ule waya nao una mambo yake. Rola kosta nyingi za zamani hupandishwa kwa mnyororo, taratibu, ta-ta-ta-ta. Hii inavutwa na waya wa chuma, mbio. Nilikuwa nimepanga nisome Ayatul Kursi yote nikiwa njiani. Tumefika kileleni sijafika hata katikati.

Juu kule nikafumbua macho. Kushoto maji, kulia maji, ziwa halionyeshi ng'ambo. Utasema bahari, ila halinuki chumvi. Mnajua nilifanya nini? Nilitafuta feri ya Likoni. Nusu sekunde nzima nikaitafuta feri. Halafu mbele ya vigari hakukuwa na reli. Ipo, lakini imeinama karibu wima, huioni mpaka uko juu yake.

Lile tumbo kubaki nyuma, mhandisi alinieleza baadaye. Siku zote kiti kinakusukuma juu na wewe ndiyo unauhisi uzito wako. Mkianguka pamoja, wewe na kiti na matumbo yako, hakuna kinachomsukuma mwenziwe. Maelezo mazuri. Wakati ule mimi nilijua kitu kimoja tu, na nikakisema kwa sauti yangu yote ya Kimombasa:

"SHUKISHAAA! SHUKISHA HAPA!"

Yule wa Lubumbashi alicheka mpaka akakosa pumzi. Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Kuna handaki, tena jengine, kuna pahali tulilala ubavu juu ya maji, halafu breki, na watu wanapiga makofi. Dakika mbili na kitu. Kushuka nikamshikilia mtu nisiyemjua, baba wa makamo, akaniachia mkono wake mpaka mwisho wa ngazi. Mungu ambariki.

Sasa shida iliyobaki ni huyu kijana wa Ohio. Alikuwa amekaa nyuma yangu, akalisikia lile neno, akalipenda. Anadhani ni kelele za furaha kwetu, kama vigelegele. Jioni ile alipanda tena mara tatu, na kila akifika juu ananyanyua mikono anaita, "Shukishaaa!" Mara ya mwisho alishawafundisha watu wa viti vinne nyuma yake, nami niko benchini na mikoba, nawasikia wanapita angani wote kwa pamoja wanaomba kushushwa.

Sijamwambia. Wala nyinyi msimwambie.